Fidia ya maumivu: iwekewe kikomo au mahakama iamue?

Mtu akishinda kesi ya kuumizwa kwa uzembe wa mwingine akalipwa hela ndefu, wengi wanasema kaula. Mi nashauri tuanze na alichopoteza. Kwenye kesi hizi kuna hasara zenye risiti, yaani bili za hospitali, dawa, mshahara uliokatika, halafu kuna zisizo na risiti: maumivu, ulemavu, kushindwa hata kumbeba mwanao. Za kwanza ni hesabu tu, ugomvi sio mkubwa. Vita iko kwenye hizi za pili.

California mwaka 1975 walipitisha sheria kwamba kwenye uzembe wa matibabu, hasara zisizo na risiti zisilipwe zaidi ya dola 250,000, hata kama umepooza mwili mzima. Sababu yao ilikuwa bima za madaktari, zilikuwa zinapanda kwa kasi na ikahofiwa madaktari watakimbia kazi, sasa hapo anayeumia si ni mgonjwa yuleyule? Hoja hiyo ina uzito, maana hela ya fidia inatoka kwenye bima na bima inachangiwa na watu. Halafu maumivu hayana mizani, watu wawili wenye jeraha lilelile wanaweza kupewa viwango tofauti kabisa kisa tu kesi zao zilisikilizwa na watu tofauti.

Ila angalia kikomo kinambana nani. Mwenye mshahara mnono akipooza analipwa kipato cha miaka yote aliyokuwa amebakiza kazini, hicho hakina kikomo. Mtoto, mzee aliyestaafu, mama anayelea familia nyumbani, hawana mshahara wa kuonyesha, kwa hiyo sehemu kubwa ya haki yao iko kwenye maumivu na ndo hapohapo mlango umefungwa. Tena Marekani mawakili wa kesi hizi kwa kawaida wanakula asilimia ya fidia, kwa hiyo fidia ikibanwa wakili anapiga hesabu, anaona gharama za mashahidi wataalamu zitaimeza, anaikataa kesi. Na kiwango kile hakikupandishwa mpaka 2023, bei za vitu zikiwa zimepaa miaka yote hiyo! Hilo siwezi kulitetea kabisa.

New Zealand wana njia nyingine tangu 1974. Ukiumia kwa ajali mfuko wa umma unakutibu, na ukishindwa kufanya kazi unapewa asilimia 80 ya kipato chako bila kuthibitisha nani mzembe, ila huruhusiwi kumshtaki mtu akulipe fidia ya jeraha hilo. Majeruhi hasubiri miaka mahakamani, na kwangu hilo ni jambo kubwa sana. Shida ni kwamba aliyezembea hakalishwi kizimbani na majeruhi wake akaulizwa kwa nini alifanya vile, na wapo majeruhi wanaolitaka jibu hilo kuliko hata hela.

Mi ningechukua mfuko kwa ajili ya matibabu na kipato, halafu mahakama ibaki wazi kwa uzembe uliokithiri. Na wakilazimisha kikomo basi kiwe kinapanda kila mwaka kufuata bei, na kisimguse mwenye ulemavu wa kudumu.