Mwembe ukikatwa, usisubiri ukauke

Nina ugomvi wa muda mrefu na mafundi wa kukereza wa mji wetu wa Tabora, na leo nauweka hadharani. Mwembe mkubwa ukiangushwa uani kwa mtu, iwe Ng'ambo, Isevya au Cheyo, kwa kuwa nyumba inaongezwa chumba au ukuta unataka kupita, matawi yanaenda kwenye kuni na shina linageuzwa mkaa, au linaachwa palepale mpaka mchwa wajihudumie. Wakati huohuo, nyumba ya tatu kutoka hapo, yupo fundi mwenye mashine ya kukerezea, ile inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga. Amekaa anasubiri mbao kavu ya mninga ili atoe matendegu ya kitanda. Mwambie akalichukue lile gogo atengeneze chombo, atakutazama kwa huruma: "Hilo bichi hilo. Litapasuka."

Litapasuka, ndiyo. Ila litapasuka kwa sababu ameliacha likiwa gogo. Angelichimba ndani likiwa bado linatoa maji, lisingepata nafasi ya kupasuka.

Sababu yenyewe haina uchawi. Mti ni fungu la mirija midogo, na ukiwa mbichi una maji ya namna mbili: yaliyojaa ndani ya mirija, na yaliyonywewa na kuta za mirija yenyewe. Yale ya ndani yakitoka, mti unapungua uzito tu, umbo halibadiliki. Maji yakishuka hadi kufikia kama asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, ndipo zile kuta zinapoanza kukauka na mti unaanza kusinyaa. Na hausinyai sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi ni kidogo mno, huoni kitu. Kutoka katikati kwenda kwenye gome unasinyaa kiasi. Kuzunguka, kwa kufuata zile pete unazoziona gogo likikatwa, unasinyaa karibu mara mbili ya hapo. Sasa weka gogo zima juani: nje limeshakauka na linataka kujibana, ndani bado maji na hakukubali. Pembeni ndiko kunakopasuka.

Ukiutoa ule mti wa ndani ukabaki na ukuta mwembamba, ugomvi huo unaisha. Ukuta unakauka ndani na nje kwa pamoja, na ukitaka kujikunja unajikunja. Chombo kilichotoka duara kwenye mashine kinakuwa cha yai kidogo. Kinapinda badala ya kupasuka. Siri nzima ni hiyo.

Na wala si jambo geni kwetu. Wachonga vinu hawajawahi kusubiri gogo likauke, na watengeneza mizinga ya nyuki ndio kabisa. Mti wa miombo ukishakauka unarudisha shoka. Nilimwamkia mzee mmoja anayechonga mizinga upande wa Sikonge, nikamuuliza kwa nini asiache magogo yakae kwanza. Akacheka. "Mwanangu, likishakauka utalichimba kwa meno?"

Hofu ya mti mbichi tumeipata kwenye useremala wa mbao. Mlango, fremu, kabati na meza vinataka mbao kavu, na anayekuuzia mlango wa mbao mbichi amekuibia mchana kweupe, maana baada ya miezi michache kitasa hakitafunga. Somo hilo ni sahihi kabisa. Kosa ni kulibeba zima zima na kulipeleka kwenye bakuli. Bakuli halina kiungo cha kuachia, wala halina fremu ya kulikatalia lisicheze.

Halafu kuna mninga. Siusemi vibaya, ni mti wa heshima. Unasinyaa kidogo sana kuliko miti mingi, na ndiyo maana maseremala wanaulilia. Lakini ni mti wa msituni, unakua taratibu, unavunwa kwa kibali, na misitu yetu imeshabeba mzigo wa kutosha wa mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Kuchukua ubao wa mninga wenye unene wa kutosha kuchimba chombo, kisha sehemu kubwa ya ubao huo ukaimwaga chini kama maranda ya kulalia vifaranga, kwangu ni israfu. Mwembe uko uani. Ulipandwa na mtu, umelisha vizazi, na siku umekatwa umekatwa, utumike usitumike. Kwa Tabora na Ujiji, ambako miembe mikongwe inahesabiwa kuwa sehemu ya historia ya njia za misafara, nadhani mti huo unastahili zaidi ya kugeuzwa majivu.

Kazi yenyewe ni tamu, na hapa nitakawia kidogo.

Gogo la upana wa sentimita 20 hivi linatosha kwa chombo chenye tumbo na mdomo mwembamba. Tazama moyo wa mti, ile nukta ya katikati. Kwa bakuli, pasua gogo kwa kupitisha msumeno hapohapo kwenye moyo ili usibaki kwenye kazi yako, kwani nyufa nyingi huanzia pale. Kwa chombo cha kusimama, ambacho nyuzi zinapanda kutoka kitako hadi mdomoni, mara nyingi moyo utabaki chini. Basi kitako kisiwe kinene kuliko ukuta, na ufa mdogo ukitokea unazibwa kwa supa glu na vumbi la mbao hilohilo.

Funga gogo, washa mashine kwa mwendo wa chini, mizunguko 400 au 500 kwa dakika, na usisimame mbele yake. Gogo bichi halina mizani, upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, na gome linaweza kuruka. Vaa miwani. Shati la mikono mirefu lililofunguka vifungo liache nyumbani. Kwenye mwembe ongeza tahadhari moja zaidi: ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wake unawawasha baadhi ya watu mpaka ngozi inavimba. Ukiwa miongoni mwao utajua mapema, na hiyo kazi uiache.

Patasi ya mfereji ikishaingia, ndipo utaelewa kwa nini nawagombeza hawa mafundi. Mbao kavu inakupa vumbi na kelele. Mti mbichi unakupa utepe mrefu unaopita juu ya bega lako, na maji yanarushwa ukutani kwa mstari mmoja, usawa wa kifua, hadi mstari huo unabaki hapo kama alama ya dari inayovuja. Makali yanadumu. Vumbi hakuna, kifua kinapumua. Ubaya ni kutu: mashine ifutwe na kupakwa oili kabla hujaenda kula, la sivyo jioni utaikuta nyekundu.

Maliza nje kwanza, chonga ulimi chini wa kushikwa na mashine, geuza kazi, kisha toboa shimo katikati kwa kekee hadi pale unapotaka kitako kianze. Shimo hilo ndilo kipimo chako cha kina. Kutoka hapo unachimba kuanzia katikati kwenda nje. Chini ya mabega ya chombo, ambako patasi iliyonyooka haifiki, unahitaji chuma chenye ncha iliyopinda. Hakuna haja ya kuagiza Ulaya. Mhunzi anayejua kazi anakupindia kipande cha springi ya gari na kukitia ukali, na kinafanya kazi. Maranda mabichi yanajishindilia ndani ya tumbo na mdomo ni mwembamba, kwa hiyo simamisha mashine mara kwa mara uyamwage. Asiye na subira ya kusimamisha ndiye anayesikia chuma kimekamata na mdomo umeruka vipande viwili.

Fanya sehemu ya juu, imalize, shuka chini, na ukishashuka usirudi juu. Mdomo unaanza kupinda ungali kwenye mashine. Ukiurudia dakika ishirini baadaye utakuta si duara tena, na patasi itagonga upande mmoja tu. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo, funika kazi kwa kitambaa kibichi na mfuko wa plastiki palepale ilipofungwa. Usiende kupiga soga ukadhani itakungoja.

Unene upi? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuacha ukuta mnene, sehemu moja ya kumi ya upana: chombo cha sentimita 20 unakiachia ukuta wa sentimita 2, unakikausha miezi kadhaa, unakirudisha kwenye mashine kikiwa kimeshapinda, unakikereza upya kiwe duara la kweli. Ya pili ni kwenda moja kwa moja hadi milimita 4 au 5, ukuta sawa kila mahali, na kuuacha mti ufanye utakavyo. Hii ya pili ndiyo inayonifurahisha. Mwembe mbichi uliofikia unene huo unapitisha mwanga: weka taa ndogo upande mmoja, zima ile kubwa, na utaona rangi ya chungwa inang'aa pale palipo pembamba na giza pale palipobaki kazi. Macho yanakuwa kipimo. Lakini chombo cha namna hii kitatoka na mdomo wa yai, na mfuniko wa duara hautakaa juu yake hata ukiapa. Anayetaka cha mfuniko afuate njia ya kwanza.

Kwenye kukausha ndiko Tabora inakotofautiana na vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za baridi. Masika ya kwetu, Novemba hadi Aprili, chombo kinakauka polepole na ukungu unakishika. Madoa meusi yanaingia ndani ya mti na hayatoki kwa msasa. Wapo wanaoyapenda, mimi yananishinda. Kiangazi ni kinyume. Ule upepo mkavu wa Agosti na Septemba unakausha mdomo wa chombo ndani ya siku moja huku kitako bado kibichi, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Napenda kuanza mvua zinapoaga, mwishoni mwa Aprili na Mei. Kama ni kiangazi, chukua mfuko wa saruji wa karatasi, ukung'ute vizuri, tia chombo ndani, funga mdomo, weka kivulini mbali na upepo. Paka nta pale nyuzi zinapokatika, yaani kwenye mdomo na kitako, maana huko ndiko maji yanakotokea kwa haraka zaidi. Nta ya nyuki mkoa huu tunayo, hilo halina mjadala.

Kujua kimekauka, pima uzito. Mizani ya dukani inatosha. Andika uzito na tarehe kwa penseli kitakoni, pima tena kila wiki, na uzito ukiacha kushuka, kazi imekwisha. Kukigonga kwa kidole na kutikisa kichwa kama daktari si kipimo.

Naujua ubishi wa upande wa pili. Kwamba mteja wa Tabora hanunui chombo kilichopinda. Wengine hawanunui kweli, na hao wapewe cha njia ya kwanza. Lakini wateja hao hao wananunua vyungu visivyo duara kamili na vikapu vilivyolalia upande bila kulalamika, kwa hiyo nadhani tatizo si jicho la mteja. Ni fundi anayeona haya kukionyesha. Ubishi wenye nguvu zaidi ni wa bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao. Wanaupenda mwembe, hasa ile sehemu nyeupe ya nje, na unga mweupe ukionekana mezani chini ya chombo ulichouza, jina lako limeharibika. Dawa ya kwanza ni kutoliacha gogo wiki nzima nzima likiwa na gome lake. Yaani tunarudi palepale: bungua wanamtafuta yule anayesubiri.

Kwa hiyo kama mwembe wako unakatwa wiki hii, zungumza na fundi kabla mwenye chenso hajavuta kamba, kwa sababu yeye ndiye anayeamua bila kujua. Akikata vipande vifupi vya kuingia kwenye tanuri la mkaa, chombo kimekufa hapo hapo. Mwambie aache vipande virefu, urefu uzidi upana kwa kiganja kila upande, maana ncha zitaanza kupasuka kesho yake na sehemu hiyo itakatwa itupwe. Ncha zipakwe nta au rangi iliyobaki siku hiyohiyo, magogo yawekwe kivulini yakiwa yameinuliwa juu ya mawe mchwa wasiyafikie. Matawi mwachie mwenye kuni.