Sikio Lisilojua Hezi

Mtu amerekodi wimbo wa roki chumbani: ngoma, besi, magitaa mawili na sauti. Ameufanyia miksi wiki mbili, akipatanisha sauti za vyombo usiku kwa usiku, kisha anawapa wenzake wausikilize. Mmoja anasema, "Kata desibeli 3 kwenye hezi 300, magitaa yamejaa tope." (Desibeli hupima ukubwa wa sauti; hezi, wembamba au unene wake.) Mwingine anasema, "Kiitikio kilipoingia sikuhisi kitu." Wa kwanza hushukuriwa kama fundi. Wa pili huonekana amekuja kupiga soga tu.

Wanaomtetea fundi wana hoja, tena nzito. Chukua snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili, moja juu, moja chini. Fimbo inapotua, ngozi ya juu huikimbia maikrofoni yake huku ya chini ikiisogelea ya kwake. Mawimbi yanapingana na kufutana, na snea inabaki kama kopo tupu. Msikilizaji wa kawaida atasema ngoma haina uzito, nawe utahangaika hadi alfajiri na kompresa, chombo cha kubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Fundi atakwambia ugeuze polariti ya maikrofoni moja, yaani mawimbi yake uyapindue juu chini, na kazi imekwisha. Anayedharau ujuzi wa namna hiyo anajichelewesha mwenyewe.

Lakini kosa la polariti limo ndani ya faili. Ushauri mwingi wa hezi na desibeli hautoki kwenye faili, unatoka chumbani kwa mshauri, na hapo ndipo ninapowatilia shaka mafundi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kuta mbili zinazotazamana zikiachana mita 3.43, wimbi la hezi 50 hukwama kati yake: huvimba karibu na ukuta, hufifia katikati ya chumba. Na hezi 50 si mahali pa kupuuza katika roki. Kishindo cha ngoma kubwa kiko jirani hapo, na waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Basi mshauri aliyeweka kiti katikati ya chumba kama hicho atakwambia uongeze besi. Aliyeegemea ukuta atakwambia uipunguze. Wote wawili wana masikio mazuri, wote wanasema kweli, na hakuna aliyeusikia wimbo wako kama ulivyo. Watii kwa zamu, na miksi yako ya nne itakuwa imesahihisha vyumba ambavyo hujawahi kuvikanyaga.

Utaniambia hata asiyejua hezi ana chumba. Kweli. Akisema besi inanguruma, huenda kinachonguruma ni ukuta wake. Ila kauli yake inakulazimu uende ukahakikishe mwenyewe, kwa hedifoni, kwenye gari, kwenye simu. Namba ina mamlaka yake. Ukishatajiwa desibeli 3, mkono unakwenda kwenye ekwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza hezi fulani, kabla akili haijauliza.

Tena mambo ambayo msikilizaji wa kawaida huyasikia vizuri zaidi ni yale ambayo chumba hakiyabadilishi sana. Maneno, kwa mfano. Magitaa ya umeme yaliyokolezwa mkwaruzo hujaza eneo la hezi 2,000 hadi 4,000, palepale ambapo konsonanti za mwimbaji zinahitaji nafasi. Wewe mwenye wimbo huwezi kujua kama maneno yanasikika, maana umeyahifadhi. Ubongo wako huziba pengo kimyakimya. Fundi naye mara nyingi masikio yake yako kwenye rivabu, ule mwangwi unaoongezwa kwenye sauti. Mpe karatasi mtu asiyeujua wimbo, mwambie aandike alichosikia kwenye kiitikio. Akiandika upuuzi, sauti imezama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na wasio mafundi husikia mengi kuliko tunavyowapa sifa. Bendi ya Metallica ilipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki walilalamika kwamba sauti ilikuwa imebanwa hadi inakwaruza, wakailinganisha na nyimbo zilezile zilivyosikika katika mchezo wa video wa Guitar Hero, ambako hazikubanwa vile. Albamu hiyo ilipita mikononi mwa wataalamu wenye vifaa vya ghali kabla haijamfikia shabiki mwenye hedifoni zake.

Udhaifu wa msikilizaji wa kawaida naujua, na mkubwa kuliko yote ni adabu. Ukimwomba "maoni yoyote" atakwambia ni nzuri sana, na hilo halina faida kwa yeyote. Pia hudanganyika na ukubwa wa sauti: matoleo mawili ya miksi moja, moja likizidi kwa desibeli moja tu, lile kubwa litaonekana bora, wala hatajua kwa nini. (Fundi hudanganyika vilevile. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio huisikia besi vizuri zaidi kadiri sauti inavyopanda, na ujuzi huo haumkingi anayeujua.) Kwa hiyo sawazisha sauti za matoleo yako kabla ya kumpa, kisha muulize jambo lenye jibu: mawazo yako yalihama dakika ya ngapi? Ni chombo gani ulitamani kinyamaze? Ukipata jibu, mpelekee fundi hilo jibu, si faili tupu. Hapo namba zake zitakuwa na kazi ya kufanya.

Yule ambaye hakuhisi kitu kiitikio kilipoingia alikuwa anausema wimbo wangu. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikausikiliza tena, nikaona magitaa yote mawili yalikuwa yametandazwa kushoto na kulia tangu sekunde ya kwanza, kwa hiyo kiitikio hakikuwa na pa kupanukia. Nikabakiza gitaa moja kwenye beti, katikati, na la pili likasubiri mlangoni. Zile desibeli 3 za hezi 300 nilizikata pia, baadaye. Moja na nusu zilitosha.