Ile gundi mliipaka ya nini?

Jumapili nilienda Himbi, mtaa wa hapa Goma, kumsalimia dada yangu. Kabla sijaketi, macho yakaenda juu ya kabati la vyombo: gari la zimamoto la Lego, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea vinavyoshikana, jekundu, ngazi imenyooka, limewekwa kati ya chupa ya chai na picha ya harusi. Nikalishusha nimpe mpwa wangu. Likanijia mkononi gumu kama jiwe. Tofali halitoki, gurudumu halizunguki. Shemeji akanieleza kwa furaha kabisa: "Mtoto alikuwa analiharibu, nikanunua gundi pale soko la Virunga. Sasa halivunjiki tena." Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia vidole vyake vya miguu.

Nilikunywa chai nikanyamaza, maana nyumba ya watu ni nyumba ya watu. Lakini siku ya nne hii jambo halijanishuka kooni, na shemeji husoma hapa, basi naliandika.

Mtoto hakuharibu kitu. Mimi nilikuwepo, nilimwona. Boksi lile mgeni alilileta kutoka Ubelgiji wakati wa Noeli. Gari alilijenga mchana mmoja kwa kufuata kijitabu, akacheza nalo wiki mbili. Kisha akalifungua lote juu ya mkeka, akatenga vipande kwa rangi, akaanza kujenga ngome. Ngome kama zile za Ulaya ya kale, za askari wa ngao na mavazi ya chuma, aliyoiona kwenye kitabu cha shule. Hakukuwa na kijitabu cha kumwonyesha njia.

Ukuta ulimwangukia mara mbili, kwa sababu alipanga tofali juu ya tofali, viungo vyote katika mstari mmoja. Akatoka nje, akakaa juu ya ndoo akiwatazama waashi waliokuwa wanapandisha ukuta wa jirani. Aliporudi akaanza kupishanisha: kila tofali likalie nusu ya hili na nusu ya lile. Hapo ukuta ukasimama. Juu yake akaweka tofali, akaruka nafasi, akaweka tofali, yakatokea yale meno ya ukuta ambayo askari hujificha nyuma yake. Kioo cha gari kikawa dirisha la mnara. Ngazi ya zimamoto akailaza mbele ya lango ikawa daraja. Magurudumu mawili na ekseli yake, kile kijiti kinachoyaunganisha, akayapachika juu ya lango, akazungushia uzi wa kushonea wa mama yake. Ukizungusha gurudumu, uzi unajikunja, daraja linainuka. Nilipoinama niangalie nyuma, nikakuta hakuna ukuta. Nikamwuliza, adui akija kwa nyuma? Akanijibu, "Tonton," yaani mjomba, "nyuma mkono wangu ndio unapita."

Ana miaka tisa. Ameelewa bila kufundishwa kwamba ngome ya kuchezea lazima ifunguke mahali, la sivyo inabaki sanamu. Waliotengeneza Lego wenyewe, kule Denmark, walifikia hapohapo. Ile ngome yao ya njano ya mwaka 1978, ambayo wapenzi wa mchezo huu wanaitaja mpaka leo, kuta zake zilifunguka kwa bawaba ili mkono uingie ndani. Na farasi wake walijengwa kwa matofali ya kawaida, kwani farasi wa kipande kimoja alikuja mwaka 1984. Mpwa wangu naye alikuwa na askari watatu bila farasi, akawajengea farasi mmoja mweupe wa matofali saba. Kwa hiyo shemeji, uliposema "ngome gani nyekundu hii, hata farasi hafanani na farasi," mtoto alikuwa amepita njia ileile ya mafundi wa Denmark.

Hebu shika tofali moja ulitazame. Juu lina vifundo, chini lina mirija. Vifundo vya hili vinabanwa na mirija ya lile, vinashika kiasi cha kusimamisha mnara, na bado kidole cha mtoto kinaweza kuviachanisha. Ombi la hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya muundo huo liliwekwa tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka ule linashikana na la leo. Miaka yote hiyo wamelinda mambo mawili pamoja: kushika na kuachia. Ukitia gundi umeua la pili, na la pili ndilo lililomfanya mtoto akeshe juu ya mkeka. Matofali sita tu ya vifundo vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Hesabu hiyo imefanywa na wataalamu wa hisabati. Boksi la mpwa wangu lilikuwa na vipande zaidi ya mia. Juu ya kabati imebaki njia moja.

Na kampuni haikatazi kubomoa. Mwaka 2021 ilitoa ngome ya vipande 1,426 ambayo kijitabu chake kinakuambia uijenge, uifungue, ujenge mnara, uufungue, ujenge soko.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hii ni Goma. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, nilikuwa na miaka kumi. Nyumba yetu iliyofuata baba aliijenga juu ya lile jiwe jeusi kwa mbao za nyumba mbili za watu wengine. Mwaka 2008 tulipohamia Ndosho, ikafunguliwa ubao kwa ubao, misumari ikanyooshwa kwa nyundo na kurudishwa kwenye kopo, mbao zikapandishwa juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, na baada ya siku nne tukalala ndani yake tena, na mlango ukiwa upande mwingine. Hakuna jirani aliyesema baba ameharibu nyumba. Walikuja kumsaidia kushika mbao.

Najua vipande hupotea. Najua ufagio huvichukua, na boksi lile si la bei ya kila nyumba. Kama kuna mtoto anayetambaa, likae juu, hapo sibishani. Lakini dawa ya hayo ni kopo lenye kifuniko.

Nimeulizia kama gundi inaweza kutolewa. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, inalegeza gundi ya aina ile, lakini inayeyusha pia plastiki ya ABS, na matofali haya ni ABS tangu mwaka 1963. Basi gari limekwisha, litabaki pale.

Nilipokuwa naondoka mtoto alinivuta mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Chini ya gunia la makaa alikuwa ameficha kopo la maziwa. Ndani kulikuwa na farasi mweupe, askari watatu na vipande kama thelathini vilivyosalia. Kando yake alikuwa ameanza ukuta mwingine kwa vijiwe vya lava, kila kijiwe kinakalia nusu ya hiki na nusu ya kile, umefika kimo cha kiganja. Nafasi ya lango ameiacha wazi. Anahitaji magurudumu mawili na ekseli moja. Aliye na Lego za zamani nyumbani, hata zilizopauka, aniandikie, nitazifuata mwenyewe.