Funika kombe, serikali ipite?

Waziri mkuu William Pitt alipofariki Januari 1806, Lord Grenville alirithi kiti chake na kukabidhiwa Uingereza iliyokuwa vitani na Napoleon. Akaunda serikali ya mseto. Charles James Fox, ambaye Mfalme George III alikuwa hampendi kwa miaka mingi, akaketi meza moja na Lord Sidmouth, ambaye mfalme alimwamini. Wakaitwa Serikali ya Vipaji Vyote, jina ambalo punde liligeuka kejeli.

Kuhusu biashara ya watumwa, mawaziri hawakupatana. Sidmouth na waziri mwenzake Windham walipinga kuikomesha. Grenville hakuwalazimisha: muswada aliuwasilisha mwenyewe, na kila waziri akaachwa afuate dhamiri yake. Februari 1807 ukapita bunge la chini kwa kura 283 dhidi ya 16. (Soko la Zanzibar halikuguswa, sheria iliwabana Waingereza tu, na soko lile lilifungwa 1873.)

Kwa Wakatoliki, ambao sheria iliwanyima haki kadhaa, hali ilikuwa nyingine. Tangu 1793 Mkatoliki aliweza kuwa ofisa wa jeshi Ireland, lakini kwa vyeo vyenye kikomo. Serikali ikataka kupanua haki hiyo. Sidmouth akagoma, na mfalme akadai amedanganywa. Muswada ukaondolewa, lakini hilo halikumtosha mfalme: alitaka mawaziri waahidi kwa maandishi kwamba hawatalileta suala hilo tena. Wakakataa. Sheria ya watumwa ilipopata idhini 25 Machi 1807, wao walikuwa wanafungasha virago.

Wanaomlaumu Grenville husema alimsoma mfalme vibaya, na kwamba angeliacha suala hilo lilale kama alivyofanya Lord Liverpool, waziri mkuu kuanzia 1812. Liverpool alifunika kombe: Wakatoliki wakawa jambo la kila waziri na msimamo wake, na serikali ikadumu karibu miaka 15. Hoja ina uzito. Lakini waziri anayeahidi kutomshauri mfalme amebaki na kazi gani? Halafu bei ya utulivu wa Liverpool ililipwa na Wakatoliki wa Ireland, waliosubiri mpaka 1829 kuruhusiwa kuketi bungeni.

Mimi naona kosa la Grenville lilikuwa dogo kuliko linavyosimuliwa. Mbinu ya kuacha kila mtu apige kura yake ilifaa kwa watumwa kwa sababu wingi wa kura ulikuwepo bungeni, nje ya baraza la mawaziri. Kwa Wakatoliki, kizingiti kilikuwa mtu mmoja mwenye taji, na kura hazimfiki.

Hata kombe la Liverpool halikufunikwa na mbinu bali na Liverpool mwenyewe. Alipopatwa na kiharusi Februari 1827, Canning, aliyewaunga mkono Wakatoliki, akateuliwa waziri mkuu, na mawaziri waliowapinga, Wellington, Peel na wenzao, wakajiuzulu. Canning akafariki Agosti. Mrithi wake, Goderich, aliondoka Januari 1828 bila kusimama mbele ya Bunge hata siku moja akiwa waziri mkuu.