Robo ya kura iko mikononi mwa wenye bando

Mwandishi wa makala moja anauliza kwa nini Mkenya Beatrice Chebet hakutawazwa mwanariadha bora wa dunia 2024. Angalia mchujo wao: Baraza la World Athletics, shirikisho la riadha duniani, lina nusu ya kura, familia ya riadha (wadau wa mchezo) robo, na robo iliyobaki ni laiki za mashabiki mitandaoni. Yaani mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29 (28:54.14, Eugene, Marekani) na dhahabu mbili za Paris, anategemea bando langu! Sifan Hassan wa Uholanzi, aliyeitwaa tuzo hiyo, alishinda marathoni ya Olimpiki, simnyimi haki yake. Lakini hapa Nakuru, jirani kabisa na Londiani kwao Chebet, kelele stejini zilianza tuzo ikishatolewa. Robo hiyo wangepewa wakimbiaji wenyewe, wanaojua kasi hiyo inauma wapi.