Mr. Bean alimmeza Rowan Atkinson?

Mtaje Rowan Atkinson kijiweni, wengi watakuuliza ni nani. Sema Mr. Bean, hata mtoto wa chekechea atacheka. Ubishi unaanzia hapo: Bean alimjenga Atkinson, mwigizaji mwenye sura yake, au alimmeza?

Wanaosema alimmeza wana hoja nzito. Atkinson, aliyezaliwa 1955 na kusomea uhandisi wa umeme Newcastle kisha Oxford, alijipatia jina Uingereza kwa ulimi. Katika Blackadder, vichekesho vya BBC vya 1983 hadi 1989, silaha yake ni kejeli ndefu zinazokata polepole. Ana kigugumizi, lakini herufi B huitamka kwa kuipasua mdomoni kiasi kwamba jina fupi tu kama "Bob" linavunja watu mbavu. Sasa hiyo utaitafsirije? Ndiyo maana huku kwetu tunamjua yule wa koti la kahawia na dubu wa kitambaa, basi.

Hata hivyo, ukimya nao una kazi yake. Tazama kipindi cha kwanza kabisa, cha 1 Januari 1990. Bean yuko chumba cha mtihani na swali lililo mbele yake hakulisomea. Anamchungulia jirani, anajinyoosha, anapuliza karatasi ya mwenzake ili ukurasa ufunuke. Muda umekwisha ndipo anagundua kwamba bahasha yake ilikuwa na karatasi nyingine, na hiyo ndiyo aliyoikeshea. Maneno karibu hayapo. Ni macho na nyusi tu. Aliyewahi kufanya mtihani, awe Tabora au Birmingham, jasho litamtoka. Kwangu mimi huyu ni yuleyule fundi wa Blackadder, kabadilisha kifaa.

Ninapowaunga mkono wakosoaji ni kwenye kukamua. Vipindi vya awali vilikuwa 15 tu. Zikafuata filamu mbili na katuni zisizokwisha, na mwenyewe ameshasema kumwigiza Bean kunamchosha, wala hakufurahii.

Gharama yake niliiona mwenyewe alipoigiza mpelelezi Maigret kwenye ITV, televisheni ya Uingereza, mwaka 2016. Mtulivu, kiko mkononi, maiti sakafuni. Alikuwa mzuri. Lakini kila alipokaribia mlango, nilisubiri ajigonge.