Kutu ya Leicester na Namba D ya Dar es Salaam

Gari langu la kwanza hapa Leicester, Uingereza, nililinunua kwa macho ya nyumbani Tanzania. Nilifungua boneti nikasikiliza injini, nikachomoa kijiti cha oili nikakinusa, nikatazama kama rangi ya milango inalingana na ya bodi, tukavutana bei na mwenye gari mpaka akapunguza pauni 150, nami nikaondoka nikijiona mjanja. Miezi minne baadaye gari lilipelekwa kwenye MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa kila mwaka ambao gari huanza kufanyiwa likitimiza miaka 3, na halikufaulu kwa sababu kutu ilikuwa imekula vyuma vya chini. Gharama ya kuchomelea ilizidi bei niliyolinunulia, kwa hiyo likaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kilichoniuma kuliko hasara yenyewe ni kwamba habari zote zilikuwa wazi. Mtu yeyote akiandika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza huona, bila malipo, kila ukaguzi ambao gari hilo limepitia, maili zilizosomwa siku hiyo na kasoro ambazo mkaguzi alionya kuwa zimeanza. Kutu ile ilikuwa imeonywa miaka miwili mfululizo. Barabara za huku humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isishike, na mimi niliyekulia Tanga, ambako mabati ya nyumba za karibu na bahari huliwa na chumvi tukiyaona, sikuinama hata mara moja kutazama uvungu. Laiti ningelinunua kwa mfanyabiashara wa magari, sheria ingenipa siku 30 za kulirudisha likibainika kuwa bovu. Lakini nililinunua kwa mtu binafsi, ambaye hakudanganya kwa sababu sikumuuliza.

Nyumbani hakuna kumbukumbu ya namna hiyo, na ndiyo maana tunapima kwa namba. Huku namba ya gari hutaja umri wa usajili wake wa kwanza: lenye 65 lilisajiliwa kati ya Septemba 2015 na Februari 2016. Tanzania herufi ya kwanza baada ya tarakimu, ndiyo tunayoiita namba C au namba D, husema tu gari lilisajiliwa nchini lini, si lilitengenezwa lini, na bado Toyota IST mbili zilizotoka kiwandani Japani mwaka mmoja huuzwa kwa bei tofauti kwa kuwa moja ni namba C na nyingine namba D. Zamani niliona huo ni ulimbukeni. Siku hizi naona una hoja, kwa sababu herufi ndicho kipimo pekee ambacho muuzaji hawezi kukichezea kirahisi cha miaka ambayo gari limepita kwenye makorongo yetu na mikononi mwa mafundi wetu. Kilomita za kwenye dashibodi hazina heshima hiyo. Kwa gari linaloagizwa moja kwa moja, ningedai karatasi ya mnada wa Japani, inayoonyesha kilomita na gredi, na ningejua kwamba gari lenye gredi R limeshatengenezwa baada ya ajali.

Jambo ambalo ndugu zetu hawaamini ni kwamba gari la huku ni rahisi kulinunua na ghali kulimiliki. Bima ya kijana mwenye leseni mpya inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe, fundi hutoza kwa saa, na gari la pauni 1,500 likiharibika gia boksi huwa ndiyo mwisho wake. Nyumbani mambo ni kinyume: ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari kuukuu huongezewa ushuru wa bidhaa kwa ajili ya umri wake, lakini likishaingia, fundi analitengeneza, spea za Toyota zinapatikana mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam, na baada ya miaka kadhaa mwenye gari huliuza bila kupoteza sehemu kubwa ya fedha yake. Swali la kwanza la mnunuzi wa Dar es Salaam, kama gari hilo linauzika, ni swali la kiuchumi kabisa, ingawa huku hakuna anayeliuliza kuhusu gari la miaka 15.

Kwa hiyo nikiombwa nisafirishe gari la bei poa kutoka huku, hukataa, hata nikiitwa mchoyo. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, haitozi kodi kwa kutazama risiti yangu, bali kwa thamani iliyomo kwenye orodha yake, na modeli nyingi zinazouzwa huku kwa bei ya kutupa hazina spea kwetu. Afadhali fedha hiyo imlipe fundi wa kwako mwenyewe, si yule anayeletwa na dalali, ashinde nusu siku na gari kabla hujatoa shilingi.

Juzi mdogo wangu alinitumia picha ya Toyota Premio namba D, chini yake pameandikwa kwamba halijawahi kupata ajali na maongezi yapo. Nilimuuliza limekuwa likilala wapi. Akajibu Kigamboni, karibu na ufukwe. Nimemwambia asizungumze bei mpaka fundi alinyanyue.